Mashine Yangu Haina Faida

Kunguru aliniibia sabuni mara nne ndani ya wiki mbili. Ilikuwa sabuni ya mche, kipande kilichokatwa vizuri, nilichokuwa nakiacha kwenye kisahani juu ya ukuta wa baraza, ghorofa ya tatu ya hosteli yetu hapa Dar es Salaam. Mara ya kwanza nilimshuku mwenzangu wa chumba, tukanuniana siku nzima. Mara ya pili nilimwona mwizi mwenyewe akipaa kuelekea mwembeni na kipande changu mdomoni. Waliokulia Pwani hawatashangaa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu ni wageni walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na tangu hapo wanaishi kama wenye nyumba.

Mtu mwenye akili timamu angeingiza sabuni ndani. Mimi niliamua kumtengenezea mwizi mashine ya kumpiga picha.

Nilikuwa na Raspberry Pi, ile kompyuta nzima iliyo kwenye bodi moja yenye ukubwa wa kitambulisho, niliyoinunua kwa bei ya kutupa kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza chuo na kuuza kila kitu hadi ndoo. Nilikuwa na kamera yake ndogo. Nikaenda Kariakoo nikanunua mzani wa jikoni wa bei rahisi, nikaufumua, nikatoa kile kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukikiwekea uzito, nikakiunganisha na kidude kiitwacho HX711 kinachokuza ishara yake ili kompyuta iweze kuisoma. Wazo lilikuwa hili: sabuni inakaa juu ya mzani, uzito ukishuka ghafla, kamera inapiga picha.

Siku ya kwanza niliunguza pini moja ya bodi. Pini za Raspberry Pi zinavumilia volti 3.3 tu, nami nilikipa kile kidude volti 5, kikazirudisha zote kwenye bodi. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo darasani, nimelijibia kwenye mtihani, na nilipata alama zote. Wiki ya pili kukawa na jambo la ajabu zaidi: kila adhuhuri sabuni ilikuwa inapungua uzito bila kuguswa, na jioni inaurudisha. Nilihangaika siku tatu. Nilidhani ni unyevu, nikadhani ni upepo, nikamsingizia hata mjusi. Kumbe ni jua. Chuma cha mzani kikipata joto, kipimo kinasogea chenyewe. Ikabidi nijifunze kutofautisha mabadiliko ya polepole na mabadiliko ya ghafla, kukokotoa wastani unaotembea na muda, na kuandika programu inayosamehe jua lakini haimsamehi kunguru. Halafu umeme ukakatika usiku, kadi ya kumbukumbu ikaharibika, nikapoteza kila kitu. Ukakatika tena, nikapoteza tena. Baada ya kadi ya pili ndipo nilipojua namna ya kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, ili umeme ukiondoka usiikute katikati ya sentensi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mkono wa mwenzangu akichukua sabuni kufulia. Ya pili ilikuwa ukuta mtupu. Ya tatu, saa 12 na dakika 40 asubuhi, alikuwa yeye: shingo imenyooka, jicho limeikazia kamera, sabuni imebanwa mdomoni kwa upana kama mtu anayeuma kipande cha muwa. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Ningeishia hapo hadithi hii isingekuwa na ubaya wowote. Ubaya ulianza pale mtu aliponiuliza, kwa nia njema kabisa: "Sasa hii inatatua tatizo gani?"

Swali hilo mnalijua. Kama umesoma chochote chenye waya katika chuo cha nchi hii, umeulizwa. Liko kwenye fomu za mashindano, liko kwenye mapendekezo ya utafiti, liko kwenye midomo ya wageni wanaopita mezani kwako siku ya maonyesho wakiwa na chupa ya maji mkononi. Kuna hata kisanduku chake: "Tatizo la jamii linalotatuliwa." Huwezi kukiacha wazi. Na ukiandika "kunguru ananiibia sabuni", utaonekana unafanya mzaha na pesa za watu.

Kwa hiyo nilidanganya. Fomu ya mashindano fulani ya ubunifu ilikuja, mwisho wa kutuma ulikuwa usiku ule, na kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Nilifuta neno kunguru nikaandika kwelea kwelea. Nilifuta baraza nikaandika shamba la mpunga. Nikaandika kwamba nimebuni mfumo janja wa kutambua ndege waharibifu na kumlinda mkulima mdogo. Nikatafuta picha ya mwanamke mwenye jembe nikaiweka kwenye slaidi ya kwanza. Majaji walitikisa vichwa kwa huruma pale pale nilipotarajia. Nikapewa nafasi ya tatu na ile hundi kubwa ya kadibodi isiyoingia mlangoni, na pesa nilizila, nusu zikaenda kwenye kodi.

Baada ya ushindi ndipo nilipopiga hesabu ambayo hakuna jaji aliyeniomba. Kundi la kwelea kwelea linaweza kufika ndege milioni moja na zaidi. Kila mmoja ni mdogo sana, lakini hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Milioni moja mara gramu 10 ni tani 10 kila siku. Serikali ikizidiwa hutuma eropleni kuwanyunyizia sumu, ndege kwa ndege, na bado wanarudi. Mbele ya jeshi hilo mimi nilikuwa nimeleta mzani wa jikoni na kamera moja inayojua kuangalia sabuni.

Siku mbili baadaye simu iliita kutoka Dakawa. Baba alikuwa ameirusha picha ya hundi kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na maelezo yake ya mzazi mwenye furaha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hongera sana. Ee, hiyo mashine inauzwaje? Maana huku mpunga umeshaanza kuweka maziwa."

Aliyekulia shambani anajua maana ya maneno hayo. Punje ikiwa bado na maziwa ndipo kwelea wanapoipenda, na ndipo mtu anapopanda dunguni alfajiri akae hadi jua litue, akirusha udongo kwa teo na kupiga madebe, siku baada ya siku, hadi sauti ikauke. Shangazi yangu ana miaka zaidi ya 60. Alikuwa ananiuliza bei.

Nikamwambia bado iko kwenye majaribio.

"Basi msitusahau," akasema.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na kile kisanduku cha kwenye fomu. Wenzangu wananiambia naugombeza upepo. Sidhani.

Tuanze na bodi yenyewe. Raspberry Pi haikuzaliwa kuokoa kijiji chochote. Katikati ya miaka ya 2000, Eben Upton na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge waliona kwamba vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja wanajua mambo machache kuliko waliowatangulia. Waliowatangulia walikuwa wamekua na mashine kama BBC Micro ya mwaka 1981, ambayo ukiiwasha ilikuwa inakusubiri uandike programu. Mtoto alikuwa anaandika upuuzi wake, unakubali au unakataa, anaandika mwingine. Kompyuta za baadaye zilikuwa ghali na za familia nzima, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe aivunje mashine ya nyumbani. Kwa hiyo wakatengeneza mashine ya bei ndogo kiasi kwamba mtoto akiiunguza, nyumba haitalia. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 35. Novemba 2015 wakatoa nyingine ndogo zaidi ya dola 5, wakaibandika bure kwenye jalada la gazeti lao la MagPi, kama vile magazeti ya watoto yanavyobandika peremende.

Na watoto na watu wazima wa huko wakafanya nini? Wametengeneza mashine za kulisha paka. Wametengeneza vioo vinavyoonyesha hali ya hewa unapopiga mswaki. Wamerudisha michezo ya kompyuta ya ujana wao ndani ya makasha ya mbao. Kuna wanaopiga picha ndege kwenye viota bustanini, jambo ambalo, nikiangalia vizuri, ni lile lile nililofanya mimi. Hakuna aliyewaambia waweke picha ya mwanamke mwenye jembe.

Bodi ile ile ikivuka bahari na kutua kwetu, inabadilishwa jina la ukoo. Inaitwa suluhisho. Mtoto wa Cambridge anaruhusiwa kulisha paka kwa kompyuta. Mtoto wa Mbagala sharti amwokoe mkulima, mjamzito au mgonjwa wa kifua kikuu, na afanye hivyo kabla ya muhula kuisha. Naiita hii dharau, ingawa inakuja imevaa suti ya kutuheshimu. Inasema kwamba sisi ni watu wa matatizo kwanza, na udadisi wetu ni anasa hadi tuulipie ushuru.

Na ushuru huo hata hauleti suluhisho lenyewe. Nenda kwenye maonyesho yoyote ya miradi ya mwaka wa mwisho. Utakuta meza kadhaa zina mfumo wa kumwagilia bustani wenyewe. Ni chungu kimoja cha mchicha, pampu ya tangi la samaki, na kihisi cha unyevu cha bei rahisi, vijiti viwili kama uma. Ukipitisha umeme kwenye vijiti vile ndani ya udongo wenye maji, vinaanza kulika, na baada ya wiki chache vinakwambia uongo. Mtu anayecheza na chungu chake nyumbani angeligundua hilo, kwa sababu angekuwa nacho wiki ya tano. Mwenye suluhisho halijui. Maonyesho yalichukua siku mbili, akapata cheti, mchicha ukafa, na mwaka unaofuata mdogo wake anaanza na uma ule ule. Sitasema mengi kuhusu dastibini inayojifungua kifuniko ukiisogelea. Nimeziona nyingi. Taka za mitaani kwetu hazijawahi kukwama kwa sababu ya kifuniko.

Najua jibu linalokuja. Profesa mmoja ninayemheshimu sana aliniambia: nchi maskini haina pesa za kuchezea. Bodi hizi zinaingia kwa dola, zikifika dukani bei imepanda, na maabara nzima inagombania nne. Ni kweli. Bodi niliyonayo, mpya, inazidi posho ya mwezi ya wenzangu wengi. Sitajifanya sijui. Lakini angalieni hoja inakwenda wapi. Kama vifaa ni vichache, ndiyo sababu zaidi ya kutaka mwanafunzi avielewe hadi ndani badala ya kuvivalisha kanzu ya maonyesho. Halafu umaskini haujawahi kuwazuia watoto wa nchi hii kucheza. Nani kati yenu hakuwahi kuona gari la waya? Waya wa uzio umekunjwa ukawa bodi ya lori, magurudumu yamekatwa kwenye ndala iliyochakaa, usukani mrefu unafika kifuani, na magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Mtoto wa miaka tisa amebuni mfumo wa usukani kwa taka. Hakuna aliyemuuliza anatatua tatizo gani la usafirishaji. Tungemuuliza, angeacha waya chini akaenda kuzurura.

Kuna njia rahisi ya kushinda ubishi huu, na nimeitumia mara nyingi kantini. Nawakumbusha kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, Linus Torvalds, alitangaza mfumo wa kompyuta aliokuwa anauandika, akasema wazi ni wa kujifurahisha tu. Leo Linux inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, na ndiyo iliyokuwa inamlinda sabuni yangu. Nawakumbusha kwamba wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, waliandika mchezo wa vyombo vya angani uitwao Elite kwenye BBC Micro mwaka 1984, na huyo Braben baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya Raspberry Pi. Mchezo ukazaa kazi, kazi ikazaa bodi, bodi ikazaa watoto wengine wanaocheza. Watu wananyamaza, chai inaendelea.

Lakini hoja hiyo, naona sasa, ni ya woga. Nikiutetea mchezo kwa sababu kesho utaleta faida, nimeshakaa kwenye kiti cha majaji na kujaza kisanduku chao kwa mwandiko wangu. Wachezaji wengi hawatakuwa Torvalds. Mimi sitakuwa. Mashine ya sabuni haitageuka kampuni. Nataka iruhusiwe kuwepo hivyo hivyo, kama kwaya inavyoruhusiwa, kama bao linavyoruhusiwa barazani kwa wazee na mpira wa makaratasi kwa watoto. Nataka mwanafunzi aweze kusimama mbele ya meza yake na kusema "nilitaka kujua", na jibu hilo liandikwe kwenye fomu bila mtu kukuna kichwa.

Wala sisemi watu waache kushughulikia kwelea. Washughulike, na washughulike kwa dhati: kwa miaka, si kwa wikiendi, wakae na wakulima, walipwe, wakosee, warudi. Hiyo ni kazi, tena ngumu. Ninachokataa ni kumlazimisha kila anayechezea waya aigize kazi hiyo jukwaani, kwa sababu uigizaji huo una mtu anayeulipia, na mtu huyo alinipigia simu kutoka Dakawa.

Nilikwenda kumwona msimu uliofuata. Nilipanda basi la Morogoro na kanga mbili za kuombea radhi kwenye begi. Nilimkuta shambani, dunguni, miguu inaning'inia, teo mapajani. Nilipanda nikakaa kando yake, nikamwambia yote: kunguru, sabuni, fomu, kodi ya chumba. Nikamwambia mashine haijui kwelea, haitamjua, na hapakuwa na majaribio yoyote. Alinyamaza kwa muda, akirusha bonge moja, halafu la pili.

"Kwa hiyo ulikula pesa ya kwelea."

"Ndiyo, shangazi."

"Hata wao wanakula ya kwangu." Akacheka kidogo, si sana. Niliona haijaisha, na sikutegemea iishe siku ile. Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe huyo kunguru wako."

Nikampa simu. Aliishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akakunja uso, halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Mtazame! Mtazame alivyokaza jicho, kama yeye ndiye aliyeibiwa!" Alirudi nyuma kwenye picha, akaenda mbele, akataka kuona ile ya mkono, akataka kuona ile ya ukuta mtupu, akaniuliza kwa nini ukuta, nikamweleza habari ya jua na chuma cha mzani, akasikiliza yote. Alisema hata bati la nyumba yake hulia saa saba mchana kwa sababu hiyo hiyo. Sikuwahi kulifikiria bati.

"Sasa niambie," akasema, akinirudishia simu. "Hiyo sabuni anaipeleka wapi? Anaila? Analalia?"

Sikujua. Miezi yote ile ya waya na programu sikuwa nimejiuliza. Nilianza kumwambia kwamba labda kamera ya pili, upande wa mwembe, ikitazama juu, betri yake ikiwa ndogo kiasi cha kukaa tawini, lakini upande wa mto kulikuwa na wingu jembamba linalojikunja na kujikunjua, naye alikuwa ameshasimama, anatia bonge la udongo kwenye teo.

"Shika hilo debe," akasema. "Utaniambia baadaye."